Barafu za ubuyu na mchezo wa biashara wa mtandaoni: kisa cha darasa la sita, Dodoma

Mazingira ya kisa

Shule ni ya msingi, ya serikali, pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande ambako nyumba za bati jipya zimeanza kuingia kwenye mashamba ya mtama. Jina la shule, la walimu na la watoto nimeyaacha, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyageuza. Aliyefundisha ni mimi mwenyewe. Msomaji ajue tangu mwanzo kwamba hapa mshtakiwa na hakimu ni mtu mmoja.

Darasa lilikuwa na watoto 54, kipindi dakika 40, mada ni faida na hasara. Mada hii nimeifundisha miaka mingi na kila mwaka inanitesa mahali palepale. Watoto wanakariri kanuni vizuri sana: bei ya kuuzia toa bei ya kununulia. Ukiwapa chungwa moja lililonunuliwa 100 na kuuzwa 150, mikono yote juu. Ukisema machungwa yalikuwa mengi na kumi yakaoza, wanaangalia dari.

Umeme tunao, maabara ya kompyuta hatuna. Tulichokuwa nacho ni vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Sita vilikuwa vizima na wenyewe walikubali kuniazima. Wazo la kuvitumia lilizaliwa kwenye kikao cha Jumuiya ya Ujifunzaji, hivi vikao vyetu vya kila wiki vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambako mwenzetu mmoja alituonyesha mchezo wa bure wa mtandaoni: unafungua kibanda cha kuuza maji ya limau, unaamua utengeneze glasi ngapi, uuze bei gani, uweke mabango mangapi ya tangazo, kisha mashine inakuambia hali ya hewa na umeuza kiasi gani.

Mchezo wa namna hii si mpya hata kidogo. Babu yao anaitwa Lemonade Stand, aliyetungwa na Bob Jamison huko Minnesota, Marekani, mwaka 1973. Miaka miwili kabla yake, jimbo hilohilo, Don Rawitsch akiwa mwalimu wa mazoezi alitunga na wenzake wawili mchezo wa The Oregon Trail kwa ajili ya somo la historia. Wakati huo hapakuwa na skrini. Mashine ilikuwa inachapa majibu kwenye karatasi na darasa likaigombea. Jambo hili nilikuwa nalijua kabla ya kuanza, na lingeniokoa kama ningelitafakari badala ya kukimbilia vishikwambi.

Kilichotokea wiki ya kwanza

Jumatatu, kipindi cha tatu. Vishikwambi sita, makundi sita, watoto tisa kila kundi. Nikawasha hotispoti ya simu yangu na bando la GB 2 nililolinunua asubuhi kwa pesa yangu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mchezo ni mdogo, bando litatosha wiki nzima.

Halikumaliza kipindi. Vile vishikwambi vilikuwa vimekaa kabatini muda mrefu bila mtandao, na vilipouona tu, vyote sita vikaanza kupakua masasisho ya programu kimyakimya. Dakika ya 20 hivi ukurasa ukagoma kufunguka kwa makundi manne. Mimi nikadhani ni mtandao wa kampuni, nikawa natoka nje kuinua simu juu kama mtu anayekinga mvua.

Makundi mawili yaliyobaki hewani nayo hayakuwa yanacheza kwa namna niliyotarajia. Nilisimama nyuma ya kundi moja nikaangalia. Mvulana mmoja kakishika kishikwambi, wawili wamemlalia mabegani, wengine sita wanaona migongo. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na hakuna aliyeyasoma. Walikuwa wameshagundua kwamba kitufe cha kijani kulia ndicho cha kuendelea, na kwamba ukipandisha ile namba ya juu hela zinaongezeka mara nyingi kuliko zinavyopungua. Siku kumi na tano za mchezo walizimaliza kwa dakika nne. Nikawauliza, "Mmepata faida kiasi gani?" Yule mwenye kishikwambi akajibu kwa fahari, "Tumeshinda, Mwalimu." Nikarudia swali. Akanionyesha nyota tatu kwenye skrini.

Kisha likaja tangazo. Ukurasa ule ni wa bure na unaishi kwa matangazo. Nilipoujaribu nyumbani siku mbili kabla niliona tangazo la viatu na jingine la safari za ndege. Siku hiyo, mbele ya watoto wa miaka kumi na moja, skrini nzima ikafunikwa na tangazo la kubeti: mpira, sarafu zinazomwagika na kitufe kikubwa cha kujiunga. Mtoto akakibonyeza, maana alikuwa ameshajifunza kwamba kitufe kikubwa cha kijani ndicho cha kuendelea. Nikakipokonya kishikwambi. Hakuna kilicholipwa wala kujazwa, lakini tayari watoto tisa walikuwa wameona.

Malalamiko na maamuzi

Kesho yake saa mbili kasoro baba mmoja alikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Hakuja kwa hasira, alikuja kwa masikitiko, na hayo yalinichoma zaidi. "Mwalimu, shikamoo," alimwambia mkuu wetu, mama wa makamo, kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu wangu, mimi mdogo wangu amemaliza boda boda yake kwenye mikeka ya kubeti. Sasa mtoto ananiambia na shuleni ipo." Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Ulikuwa hujui kwamba inaweza kutokea?" Nilikuwa najua. Mtu yeyote aliyewahi kufungua tovuti ya bure anajua. Nilikuwa sijalifikiria tu kama jambo la darasani.

Mwalimu Mkuu aliamua mambo mawili palepale. Mchezo usimame mpaka kamati ya shule ipewe taarifa, na hakuna kishikwambi kitakachounganishwa mtandaoni mkononi mwa mtoto. Niliona la pili limezidi. Leo naona ndilo lililookoa zoezi zima, ingawa yeye hakuwa na nia hiyo.

Kamati ilikaa Alhamisi. Mwenyekiti aliuliza kama jambo hili limo kwenye muhtasari wa somo. Mwalimu wa taaluma, ambaye siku zote ananidai azimio la kazi, alijibu kabla yangu kwamba faida na hasara zimo, kishikwambi hakimo. Wakacheka, mimi nikaomba wiki mbili kwa masharti. Tutatumia kompyuta mpakato moja na projekta ya kuazima Kituo cha Walimu. Ninayebonyeza ni mimi. Ukurasa nitaufungua kabla ya kipindi na kuuacha wazi, kwa kivinjari chenye kizuizi cha matangazo. Na kila kundi litaandika uamuzi wake kwenye karatasi, kwa hesabu, kabla sijagusa kitu.

Sharti hilo la karatasi niliweka kwa sababu ya zile dakika nne. Mchezo wa kuigiza hali halisi una tabia moja: kukosea ndani yake hakuumi, na asiyeumia hana haja ya kufikiri. Atabonyeza, ataona, atabonyeza tena. Kwa fundi wa kompyuta hilo ni sifa. Kwa mtoto anayejifunza kukokotoa ni mwanya wa kukwepa kukokotoa.

Wiki ya pili: umeme ulipokatika

Jumatatu projekta ilifika, shuka jeupe likaning'inizwa juu ya ubao, madirisha yakazibwa kwa maboksi. Makundi yakaandika maamuzi. Dakika ya kumi umeme ukakatika. Betri ya kompyuta ilikuwepo, projekta haina betri.

Nilikuwa na hiari ya kuwapa mazoezi ya kitabuni. Badala yake nikasema, "Mashine ni mimi." Nikaandika ubaoni kanuni za ule mchezo wa zamani wa 1973, kwa kiasi ninavyozikumbuka: unaanza na dola 2, siku za mwanzo glasi inakugharimu senti 2, kwa sababu sukari umepewa na mama, bango moja ni senti 15. Bei ikipanda wateja wanapungua. Mabango yakiongezeka wateja wanaongezeka, lakini bango la tano halileti wateja wengi kama la kwanza. Mvua ya radi inaharibu kila kitu. Hali ya hewa tutaipata kwa kurusha sarafu.

Hapo ndipo darasa lilipoamka. Msichana wa dawati la mbele, ambaye wiki iliyopita alikuwa mmoja wa wale wa kuona migongo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sukari mama katoa bure?"

"Ndiyo, siku za mwanzo."

"Sasa mama naye kanunua wapi?"

Nikamwuliza anataka kusema nini. Akasema basi hiyo si faida, ni hela ya mama. Mwingine akampinga: mama akikupa amekupa. Wa tatu akasema inategemea kama mama ataidai. Walibishana mpaka kengele ikagongwa, na nilichokuwa nacho ubaoni mwisho wa kipindi ni safu mbili: faida ukihesabu sukari ya mama, na faida usipoihesabu. Kanuni ya kitabuni ya bei ya kununulia ilikuwa imepata swali lake: kununuliwa na nani?

Wakati wanatoka, mvulana mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwenye huu mchezo mvua ndiyo mbaya. Kwetu barafu zinaharibiwa na umeme." Akaionyesha taa ya darasani iliyozimika.

Wiki ya tatu: mchezo unaandikwa upya

Kwa asiyekaa kwetu: barafu ni juisi iliyogandishwa kwenye kimfuko chembamba cha nailoni, inauzwa shilingi 100 getini mwa kila shule. Za kwetu nyingi ni za ubuyu, kwa kuwa mibuyu ndiyo mti ambao Dodoma haijawahi kuukosa. Nikawapa watoto kazi: tuufute mchezo wa limau, tuandike wa barafu. Kanuni ziwe zao.

Zilitoka kanuni ambazo mimi nisingezifikiria. Mvua haiui soko, kwanza inanyesha Desemba mpaka Aprili tu, na siku nyingi hata ndani ya miezi hiyo ni jua. Kinachoua soko ni baridi na upepo wa Juni na Julai. Umeme ukikatika usiku, barafu hazigandi na asubuhi huna cha kuuza, lakini juisi bado unayo, kwa hiyo hasara si ya yote. Bango halina maana getini mwa shule. Kinacholeta mteja ni kumwongeza mtoto barafu ya bure siku moja moja. Na kanuni iliyonifanya nikae chini: katika mchezo wa limau hakuna anayekopa. Kila anayekunywa analipa. "Kwetu kuna wa nitaleta kesho," alisema mtoto, na darasa zima likaguna kwa kukubali.

Nikamwalika mama anayeuza barafu getini kwetu. Aliingia na kanga yake ya kazini, ndoo kaiacha mlangoni. Watoto wakasimama: "Shikamoo mama!" Akaitikia, "Marahaba wanangu," kisha akaongeza "Mbukwenyi!" na watoto wa Kigogo wakajibu kwa kelele. Aliulizwa maswali mengi, lakini lililodumu ni moja: unajuaje kama umepata faida? Akasema hela ya sukari anaifunga pembe ya kanga kabla ya kununua mboga. Ikibaki pembe nyingine kitu, hiyo ndiyo faida. Pembe mbili za kanga. Niliichora ubaoni na haikufutwa wiki nzima. Hata mwalimu wa Kiswahili aliandika pembeni yake.

Kipindi cha mwisho tulirudi mtandaoni mara moja, kompyuta moja, kwenye shuka. Watoto walewale walioshangilia nyota tatu sasa walikuwa wanaukosoa mchezo. Walipoambiwa wameuza glasi zote, mmoja akauliza, "Na aliyebaki na glasi mkononi hajalipa yuko wapi?" Sikuwa na jibu, na mashine haikuwa nalo.

Matokeo

Kabla ya zoezi na baada yake nilitoa swali la aina moja. La mwisho lilikuwa hivi: mama aligandisha barafu 60 kwa gharama ya shilingi 3,600, aliuza 45 kwa shilingi 100 kila moja, 15 zikayeyuka, alipata faida au hasara, ya kiasi gani? Jibu ni faida ya shilingi 900. Mwanzoni kosa la wengi lilikuwa kuhesabu barafu zote kama zimeuzwa, na kupata 2,400. Kosa hilo lilipungua sana, halikuisha.

Lakini lilizaliwa kosa jipya ambalo kabla halikuwepo. Watoto kadhaa walikokotoa 4,500 toa 3,600, wakapata 900, kisha wakatoa 900 nyingine, yaani gharama ya zile 15 zilizoyeyuka, wakaandika "hakuna faida wala hasara". Zilizoyeyuka wamezitoza mara mbili. Nilikaa na daftari zao jioni moja nikitafuta walikolitoa, nikalikuta kwenye jedwali langu mwenyewe: nilikuwa nimeweka safu ya "gharama" na pembeni yake safu ya "zilizoyeyuka" yenye alama ya kutoa. Walifuata jedwali kwa uaminifu.

Kwa upande wa muda, mada ya vipindi vinne ilikula kumi. Mwalimu wa taaluma analikumbuka hilo mpaka leo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi si teknolojia kwa maana ya kawaida. Nilitumia saa nyingi kuhangaikia vifaa na dakika zilizozaa zilikuwa zile ambazo vifaa vimezimika. Hata hivyo nisingependa mtu asome kisa hiki akasema basi tuachane na michezo ya mtandaoni. Bila mchezo, yale mabishano ya sukari ya mama yasingetokea. Kitabu kinaleta swali lililokwisha kuamuliwa: bei ipo, gharama ipo, wewe toa. Mchezo unaleta ulimwengu mdogo wenye kanuni, na kanuni zikionekana zinaweza kupingwa. Ubaya ni kwamba kwenye skrini kanuni zimefichwa. Mtoto anaona matokeo bila kuona kilichoyaleta, kwa hiyo anabaki kubahatisha. Nilipolazimika kuwa mashine, kanuni zikahamia ubaoni, na hapo ndipo watoto walipoona kwamba kuna mtu aliyeziandika, mtu ambaye hajawahi kuuza barafu Dodoma.

Uamuzi wa kuandika kwanza, kubonyeza baadaye, ningeurudia hata kama kila mtoto angekuwa na kishikwambi chake. Kundi la watoto tisa nisingelirudia kamwe. Watatu au wanne ndio mwisho, na anayeandika abadilike kila raundi. Nilipofanya hivyo wiki ya tatu, wasichana ambao sikuwahi kusikia sauti zao kwenye Hisabati walikuwa ndio wanaoshika peni.

Kosa la matangazo ni la kwangu na halina utetezi. Kuujaribu ukurasa nyumbani mara moja hakutoshi, kwa sababu matangazo yanabadilika kila unapoufungua. Njia salama zaidi ni kutumia kitu kisicho na matangazo na kinachofanya kazi bila mtandao. Muhula uliofuata, kwa mada ya sehemu, nilitumia vielelezo vya kuchezea kwenye kompyuta vya PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni vya bure, vinapakuliwa, vingine vimeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Nilivishusha kwenye kompyuta nikavihamisha kwa flashi, vishikwambi vikiwa vimezimwa data kabisa, na bando halikuguswa. Kielelezo cha biashara ya barafu humo hakipo, lakini hilo ni jambo la kazi nyingine.

Kuhusu mzazi, tulichelewa. Barua fupi kwa wazazi kabla ya wiki ya kwanza, hata ya mistari minne, ingemfanya yule baba aje kuuliza badala ya kuja kusikitika. Alialikwa siku ya mama wa barafu, hakuja. Mtoto wake aliendelea vizuri.

Jambo moja sikuliona lilipokuwa linatokea. Nilipomwalika yule mama nilijua ni muuza barafu. Sikujua ni bibi wa mtoto mmoja wa darasa lile. Mtoto hakusema. Wiki nzima ya kutunga kanuni za barafu hakunyoosha mkono hata mara moja, na alikuwa anazijua kuliko sisi sote, maana ndiye anayefunga vile vimfuko usiku. Nilifahamu bibi yake alipokuwa anaaga na kumshika kichwa akipita. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Barafu. Nimewakataza mara mbili. Juzi wakati wa mapumziko nilisikia tena mtu akiliita jina hilo kutoka upande wa mabomba, naye akageuka na kuitika. Alikuwa amenipa mgongo, uso wake sikuuona.